Ganda jepesi, kiini cheupe: kurekebisha mayai kwa chakula, kwa wafugaji wa Kigoma

Wafugaji wapya hapa Kigoma huniuliza maswali yaleyale. Mbona mayai yanapasuka kabla hayajafika sokoni? Mbona kiini ni cheupe na wateja wanataka cha njano? Mbona mama ntilie amerudisha trei akisema mayai yananuka samaki? Anayeuliza mara nyingi ameshanunua dawa, au ametia vitamini kwenye maji wiki nzima bila kugusa chakula. Na tatizo liko kwenye chakula, tena malighafi za kulitatua zinapatikana mwaloni Kibirizi, sokoni Mwanga na kwenye mlonge uliopo uani kwako.

Kila sehemu ya yai ina chakula chake. Ganda karibu lote ni chokaa. Rangi ya kiini inatoka kwenye majani na mahindi ya njano. Ukubwa wa yai unategemea sana protini, na karibu robo tatu ya yai lenyewe ni maji. Kwa hiyo anza kwa kujua ni sehemu gani ina kasoro, kisha rekebisha chakula cha sehemu hiyo. Ukiongeza kila kitu kwa mkupuo hutajua kilichokusaidia, na mwezi ujao utanunua vyote tena.

Haya ni kwa kuku wa mayai na chotara wanaofugwa bandani ambao wameshaanza kutaga. Usiwape chakula hiki vifaranga wala kuku wanaokua: chokaa yake ni nyingi mno kwao na inaharibu figo. Kuku wa kisasa huanzishiwa chakula cha kutagia wanapokaribia kutaga, kwenye wiki ya 18 hivi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mizani ya dukani ya kilo, na ndogo ya jikoni inayosoma gramu
- Turubai safi, beleshi, ndoo mbili na chekeche
- Glasi ya kioo inayopitisha mwanga, na limau moja
- Mahindi makavu, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, soya, dagaa wakavu
- Chokaa ya mifugo au magamba ya konokono, na mifupa iliyosagwa
- Chumvi ya kawaida na premiksi (unga wa vitamini na madini) ya kuku wanaotaga
- Daftari. Bila daftari utabishana na kumbukumbu yako.

Hatua

1. Yapime mayai yako kwanza.

Chukua mayai 10 yaliyotagwa siku moja, uyapime pamoja. Yavunje moja moja kwenye sahani nyeupe: tazama rangi ya kiini, tazama kama ute mzito umekishika kiini au umetawanyika kama maji, kisha nusa. Osha maganda, yaanike hadi yakauke kabisa, uyapime pia. Mayai 10 yenye gramu 600 yanatakiwa kutoa maganda ya gramu 54 hadi 60. Ukipata chini ya 50, tatizo lako ni la ganda, na hatua ya 4 na ya 8 ndizo zako. Andika yote pamoja na tarehe.

2. Tengeneza maji.

Kuku anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku, na wakati wa joto hunywa zaidi. Huku bondeni kando ya ziwa, chombo cha maji kilichoachwa juani kinakuwa cha moto ikifika saa sita mchana, na kuku hanywi maji ya moto. Asipokunywa hali chakula, na asipokula hakuna utakachochanganya kikamfaa. Weka maji kivulini, badilisha asubuhi na mchana, na osha vyombo kila siku. Fanya hivi siku kadhaa kabla ya kugusa chakula. Wapo ambao tatizo lao huishia hapahapa.

3. Kagua dagaa.

Hapa ndipo Kigoma tunapowazidi wafugaji wa mikoa mingi, na hapa ndipo tunapoharibu. Dagaa wa Tanganyika waliokauka vizuri ni protini ya hali ya juu: zaidi ya nusu ya uzito wao. Lakini wale walioanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga nao unapimwa kwenye kilo. Twanga kiganja kimoja cha dagaa, tia kwenye glasi, jaza maji, koroga, acha itulie kidogo. Unga wa dagaa utaelea au utachelewa kushuka. Mchanga utakaa chini kama mstari wa kahawia unaouona kwa jicho. Mstari ukiwa mnene kama unene wa kidole, mrudishie muuzaji dagaa wake. Hesabu ni rahisi: ukipima kilo 8 na robo yake ni mchanga, umelipia kilo 8 na kuku wamekula 6.

Nunua walioanikwa kwenye vichanja hata kama bei imepanda kidogo. Wanuse pia. Dagaa aliyevunda au aliyegeuka njano kwa mafuta kuchacha ndiye anayeleta harufu kwenye mayai. Na samaki waliotiwa chumvi usiwatumie. Kuku atakunywa maji kupita kiasi, kinyesi kitakuwa cha majimaji na banda litaloana.

4. Hakikisha chokaa ni chokaa ya kulisha.

Ganda la yai moja lina zaidi ya gramu 2 za kalsiamu, na kuku anatakiwa kula karibu gramu 4 kwa siku ili alitengeneze bila kukomba mifupa yake mwenyewe. Pumba na dagaa pekee hazifiki hapo hata kidogo, ndiyo maana asiyeweka chokaa hupata mayai tepetepe, na baada ya muda hupata kuku wanaolala chini wasioweza kusimama.

Chokaa ya mifugo ni mawe ya chokaa yaliyosagwa. Dondoshea tone la limau: ikitoa povu, ni yenyewe. Chokaa ya kupaka ukutani au ya kujengea usiwape kabisa, inaunguza koo na utumbo. Magamba ya konokono yanafaa sana, na ya ufukweni unaweza kuyaokota bure; yaoshe, yaanike, yaponde. Ila okota yale tu yaliyotupwa nchi kavu na mawimbi. Ya chini ya maji yaache, kwa sababu kuna samaki wadogo wa ziwa hili wanaoishi na kutaga ndani ya magamba hayo.

Usisage yote yakawa unga. Nusu iwe unga, nusu iwe vipande vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo. Sababu utaiona kwenye hatua ya 8.

5. Andaa nafaka na soya.

Mahindi yaparazwe, yasisagwe kuwa unga. Unga mlaini unamganda kuku mdomoni na mwingine unapeperuka. Punje yenye ukungu, hata kidogo, usiweke. Mahindi yaliyoloana wakati wa masika hubeba sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kuanika wala kwa kupepeta. Inashambulia ini na utagaji unashuka polepole bila kuku kuonekana mgonjwa.

Soya ikaangwe kwanza hadi igeuke rangi ya kahawia hafifu na harufu ya ubichi iishe, kisha iparazwe. Soya mbichi ina kizuizi kinachofanya kuku ashindwe kumeng'enya protini. Wengi wanairuka hatua hii ili kuokoa kuni, halafu wanashangaa mayai ni madogo.

6. Pima. Mchanganyo huu ni wa kilo 100:

Mahindi yaliyoparazwa, kilo 50
Pumba za mahindi, kilo 10
Mashudu ya alizeti, kilo 14
Soya iliyokaangwa, kilo 8
Dagaa waliotwangwa na kuchekechwa, kilo 8
Chokaa au magamba ya konokono, kilo 8
Mifupa iliyosagwa, kilo 1.5
Chumvi, gramu 250
Premiksi, gramu 250, au kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti yako

Kwa malighafi nzuri utapata protini ya asilimia 16 na zaidi kidogo, na kalsiamu ya asilimia 3.5 hivi au kupita. Kuku mmoja anakula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 100 wanamaliza karibu kilo 12, na mchanganyo wote unakutosha siku nane.

Dagaa wasizidi kilo 10 kwa 100, hata kama shemeji yako ana boti na unawapata bure. Ukizidisha, yai linabeba harufu na mteja wa chipsi analijua mara linapogusa mafuta ya moto.

Dagaa wanapoadimika, badilisha hivi: toa dagaa wote, soya iwe kilo 16, mashudu ya alizeti 18, pumba 6, mahindi 49, mifupa 2.5, chokaa, chumvi na premiksi zibaki zilivyo. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ambaye hakuwa na mpango wa namna hii alilisha pumba tupu na mayai yakamkimbia. Mchanganyo huu protini yake iko chini kidogo. Duka la mifugo likiwa na methionini (kiungo kimoja cha protini), gramu 100 kwa kilo 100 itakusaidia.

Mashudu: hakikisha ni ya alizeti. Mashudu ya pamba usiwape kuku wanaotaga. Yai likikaa siku kadhaa kiini kinageuka rangi ya zeituni au kahawia, na ute unaweza kuwa wa waridi. Mteja akiliona yai hilo hanunui kwako tena, na ana haki. Mashudu ya mise, yaani kokwa za michikichi, yanapatikana kwetu kirahisi lakini yana makapi mengi. Ukitaka kuyatumia, chukua kilo 5 kwenye nafasi ya pumba, usipite hapo.

7. Changanya kuanzia kidogo kwenda kikubwa.

Premiksi na chumvi ni nusu kilo tu kati ya kilo 100. Ukizirusha juu ya rundo na kugeuza kwa beleshi, kuku mmoja atapata chumvi ya wiki na mwingine hatapata kitu. Tia premiksi na chumvi kwenye ndoo yenye kilo mbili za pumba, changanya kwa mikono hadi usione tena chembe nyeupe zilizojikusanya. Ongeza chokaa ya unga na mifupa, changanya tena. Kisha mimina kwenye dagaa na soya. Mwisho ndipo uende kwenye rundo la mahindi na mashudu, na uligeuze rundo zima kwa beleshi kutoka upande mmoja wa turubai hadi mwingine, mara nne au tano. Chota kiganja juu, katikati na chini ya rundo, uvitandaze sambamba. Vikifanana rangi, umemaliza.

Vile vipande vikubwa vya chokaa, takriban kilo 4 kati ya zile 8, usivichanganye humu. Viweke pembeni.

Changanya cha wiki moja au mbili tu. Chakula kikikaa mwezi, mafuta ya dagaa na soya yanachacha na vitamini zinakufa. Hifadhi juu ya mbao, mbali na ukuta.

8. Wape chokaa ya vipande jioni.

Yai linakaa kwenye kiwanda cha ganda kwa karibu saa 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika usiku, kuku akiwa amelala, hali chakula. Chokaa ya unga aliyoila asubuhi inakuwa imeshapita. Vipande vikubwa vinakaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Saa kumi jioni, weka vipande kwenye chombo chake cha pembeni, au nyunyiza juu ya chakula cha mwisho, gramu 4 hadi 5 kwa kila kuku. Simama uangalie: kuku mwenye yai tumboni atakwenda kwenye chokaa mwenyewe, na asiyehitaji atapita. Ukiacha mengine yote ya mwongozo huu, hili usiliache.

9. Hamisha chakula taratibu.

Siku tatu za kwanza robo mpya na robo tatu ya zamani, siku tatu nusu kwa nusu, siku tatu robo tatu mpya, kisha kamili. Ukibadilisha ghafla watakigomea, na utagaji utashuka hata kama chakula kipya ni bora.

10. Sasa majani.

Mahindi yetu ni meupe, mihogo ni meupe, pumba ni nyeupe. Kiini cheupe hakina siri nyingine. Ukipata mahindi ya njano, tumia. Usipopata, wape majani ya kijani kila siku mchana, baada ya kula chakula chao: mchicha, matembele, chainizi, mlonge. Yafunge fungu na kuyaning'iniza wayadonoe, yakikanyagwa hawali. Kiasi ni kile wanachomaliza ndani ya nusu saa. Wakijaza tumbo majani wanaacha chakula chenye protini na mayai yanapungua uzito.

Kwa kiangazi, anika majani ya mlonge kivulini, siyo juani, hadi yavunjike mkononi yakiwa bado ya kijani. Saga, weka kilo 3 hadi 5 kwenye nafasi ya pumba. Majani ya mihogo yanafaa pia yakikaushwa vizuri kabisa; mabichi yana sumu. Majani ya mti wa lukina yasizidi kilo 5. Unga wa pilipili nyekundu kidogo unasogeza rangi kuelekea machungwa, na kuku hasikii ukali wake.

Mawese je? Naulizwa hili karibu kila wiki. Wekundu wa mawese na wa karoti kwa sehemu kubwa ni ule ambao kuku anaugeuza kuwa vitamini A, haupeleki kwenye kiini. Mawese yanaongeza nguvu na kupunguza vumbi la chakula, basi. Usinunue mawese kwa ajili ya rangi.

Parachichi, majani yake na ganda lake, ni sumu kwa kuku. Wafugaji wa Kasulu na Buhigwe wenye miti hiyo karibu na banda wawe waangalifu.

11. Subiri, kisha pima upya.

Rangi ya kiini huanza kubadilika ndani ya siku chache na hutulia baada ya siku 10 hivi. Ganda hujibu mapema. Vunja mayai 10 mengine, pima maganda, linganisha na daftari. Kama hakuna kilichobadilika, badilisha kitu kimoja tu, usubiri tena.

Ukiona hivi

Ganda bado ni jepesi ingawa chokaa ipo. Angalia umri: kuku aliyetaga zaidi ya mwaka hutoa yai kubwa lenye ganda jembamba, na hapo ongeza vipande vya jioni kidogo, ukijua hatarudi kuwa kama mwanzo. Angalia joto: kuku anayehema mdomo wazi hawezi kujenga ganda imara, kwa hiyo walishe mapema alfajiri na jioni, na fungua hewa. Angalia premiksi pia, maana bila vitamini D chokaa hainyonywi. Iliyokaa dukani juani imeshakufa.

Yai linanuka samaki. Punguza dagaa hadi kilo 4, jazia soya. Acha matumbo ya samaki kabisa. Kama harufu inabaki baada ya wiki mbili, chunguza unapohifadhi mayai. Ganda lina vitundu na yai hufyonza harufu ya mafuta ya taa, vitunguu na samaki waliowekwa karibu.

Ute ni majimaji. Chakula hakisaidii sana hapa. Mara nyingi yai limekaa kwenye joto au kuku amezeeka. Okota mayai mara mbili au tatu kwa siku, yaweke mahali pa baridi, na badilisha maranda yaliyoloana. Hewa ya mkojo mkali bandani nayo inaharibu ute.

Mayai ni madogo. Kuku wachanga huanza hivyo. Kama wameshatimiza miezi mingi ya kutaga, rudi kwenye glasi ya dagaa na kwenye soya.

Kuku wanakula mayai yao. Ganda likiwa jepesi yai hupasuka, wakaonja, wakazoea. Rekebisha chokaa, okota mapema. Ukitaka kutumia maganda ya mayai kama chokaa, yakaange makavu na uyaponde hadi yasifanane tena na yai.

Rangi ya ganda haikupendezi. Kahawia au nyeupe ni suala la aina ya kuku. Usitumie hela hapo.

Mayai yamepungua ghafla kwa siku moja au mbili, yakaja na maganda yaliyojikunja, laini au yaliyopauka, na kuku wanakoroma au kupiga chafya. Hiyo siyo lishe. Inaweza kuwa mdondo au ugonjwa mwingine wa njia ya hewa. Usiongeze chochote kwenye chakula. Watenge wanaokoroma, usiuze wala usihamishe kuku, na mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Akiandika dawa, muulize ni siku ngapi mayai hayapaswi kuliwa, na siku hizo yasiende sokoni.